Simujanja ya kwanza Bukavu: hesabu za kufanya kabla ya kufika dukani

Ukipita barabara ya Patrice Emery Lumumba kuelekea Nyawera, utaona simu zimepangwa ndani ya vioo, kila moja na kikaratasi cha bei kwa dola. Bei hiyo ndiyo mnunuzi huanza nayo, na mara nyingi ndiyo anayoishia nayo. Makala haya yanaangalia mambo ambayo kikaratasi hakiyasemi: simu itashika mtandao wapi, itakula fedha ngapi baada ya kununuliwa, na itadumu muda gani. Tutakwenda hatua kwa hatua, na uamuzi tutauacha hadi hesabu zote ziwe mezani.

Tuanze na gharama. Chukua mfano wa mwanafunzi aliyetoka Walungu kuja kusoma Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, akapanga chumba Cimpunda. Wajomba na shangazi wamemchangia dola 100. Akinunua simu ya dola 80, kisha akatumia dola 1.50 kila wiki kwa mega na maongezi, mwaka wenye wiki 52 utakula dola 78. Kwa miaka 2 ni dola 156, karibu mara mbili ya bei ya simu yenyewe. Namba hizi ni za mfano, na kila msomaji aweke zake, lakini umbo la hesabu halibadiliki sana: kosa la dukani hulipwa mara moja, kosa la kifurushi hulipwa kila wiki.

Hapa inafaa kueleza maneno mawili. Yuniti ni kipimo cha salio ambacho kampuni za simu za Kongo hutumia, na yuniti 100 ni sawa na dola 1. Kifurushi ni kiasi cha dakika, ujumbe au mega kinachonunuliwa kwa yuniti, kikiwa na muda wake wa kwisha. Kwa kuwa yuniti inafuata dola na watu wengi hulipa kwa faranga, mtu wa kabini, yaani kibanda cha yuniti, hubadilisha bei yake kila kiwango cha dola kinapopanda au kushuka. Anayepanga bajeti ya simu kwa faranga aache nafasi kidogo; anayeipanga kwa dola ataona vizuri zaidi kama matumizi yake yameongezeka au ni faranga tu iliyoshuka.

Kuna gharama nyingine ambayo wakazi wa Bukavu wanaikumbuka kwa uchungu. Mwaka 2020 serikali ilianzisha Sajili ya Vifaa vya Simu, ile iliyojulikana kwa herufi RAM. Mwenye simu ya 3G au 4G alikatwa dola 7 kwa mwaka, mwenye simu ya 2G dola 1, na fedha zilichukuliwa moja kwa moja kwenye salio. Mtu aliweka yuniti jioni, asubuhi akazikuta zimepungua. Baada ya malalamiko na maandamano ya nchi nzima, tozo hiyo iliondolewa mwaka 2022. Naitaja kwa sababu iliacha tabia moja ambayo naiona ni nzuri hata leo: kuweka salio pale tu unapotaka kulitumia, bila kulilaza kwenye simu.

Sasa tuingie kwenye mtandao. Simu huongea na antena iliyo karibu kwa mawimbi ya redio. Idadi ya mitetemo ya mawimbi hayo kwa sekunde huitwa masafa, na hupimwa kwa megahezi. Masafa ya chini, kama 800 au 900, hufika mbali, hupita kuta vizuri zaidi na hujipinda kidogo pembeni mwa vilima. Masafa ya juu, kama 1800, 2100 au 2600, huweza kubeba data nyingi, lakini huchoka upesi na huzuiwa kwa urahisi. Kampuni huchanganya yote mawili: masafa ya chini kwa kufika mbali, ya juu kwa mwendo.

Jambo hili lina uzito wa pekee Bukavu kwa sababu ya namna mji ulivyokaa. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka ufukweni, kwenye rasi zake kama La Botte na Muhumba, hadi vilimani Kadutu, kisha unashuka tena mabondeni. Nyumba mbili zenye umbali wa mita 200 zinaweza kuwa pande mbili za mgongo wa kilima, moja ikiiona antena na nyingine ikiwa kivulini. Kwa hiyo swali la kwamba mtandao gani ni mzuri Bukavu halina jibu moja. Swali lenye jibu ni hili: mtandao gani ni mzuri kitandani kwako, darasani kwako na mahali unapofanyia kazi, saa unazoutumia?

Kampuni tatu ndizo wakazi wengi huchagua kati yao. Vodacom iliingia Kongo mwaka 2002. Airtel ni ile ile iliyoanza kama Celtel, ikawa Zain, na tangu 2010 ikachukua jina la sasa. Orange ilinunua Congo Chine Télécoms mwaka 2011, kisha Tigo mwaka 2016. Kila mtu mjini huzitambua kwa tarakimu za mwanzo: 081 na 082 ni Vodacom, 097 na 099 ni Airtel, 084, 085 na 089 ni Orange. Sifa na lawama za kila moja utazisikia kwenye kila teksi, na karibu zote ni za kweli kwa anayezisema, kwa sababu kila mmoja anazungumzia kilima chake.

Njia ya kupata jibu lako ni kupima. Azima kadi za kampuni hizo tatu, au waombe majirani watatu wenye mitandao tofauti waje na simu zao. Pima asubuhi, halafu pima tena kati ya saa 1 na saa 3 usiku, watu wanapokuwa wamerudi nyumbani. Vipimo hivyo viwili vinaonyesha vitu tofauti. Asubuhi unaona nguvu ya mawimbi. Usiku unaona uwezo wa antena kugawa huduma kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Vijiti vinaweza kuwa vimejaa huku ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukizunguka tu bila kuondoka: mawimbi yapo, nafasi haipo. Funga mlango wa chumba, kaa pale utakapokaa kweli, tuma picha moja na upige simu moja. Kisha angalia kama juu ya kioo pameandikwa 4G, 3G au E. Herufi E ni ya kizazi cha pili. Kwa kizazi hicho picha huondoka kwa taabu, na video usiiwaze.

Wanaokaa karibu na Ruzizi wana jambo la ziada. Mawimbi hayajui mpaka. Nguba na baadhi ya sehemu za Muhumba, antena ya ng'ambo inaweza kusikika vizuri kuliko ya upande huu, na simu iliyoachwa ichague mtandao yenyewe inaweza kuhamia Rwanda bila mwenyewe kujua. Hapo unalipa bei ya mgeni. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio, kuzima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja na kuchagua kampuni yako kwa mkono, kisha kuzima data ya ugenini. Ni kazi ya dakika 2, na inaokoa salio ambalo vinginevyo lingeyeyuka kimyakimya.

Baada ya mtandao kuna watu. Dakika za kupiga ndani ya mtandao mmoja kwa kawaida ni rahisi kuliko za kuvuka kwenda mwingine. Fungua orodha ya watu watano au sita unaowapigia zaidi na usome tarakimu za mwanzo. Ikiwa mama, kaka na mwenye nyumba wote wako 099, dakika nyingi za mtandao mwingine hazikusaidii, hata zikitolewa karibu bure. Mwanafunzi wetu ana wazazi Walungu, na Walungu kuna vijiji vinavyoshika mtandao mmoja tu. Kwa maongezi na nyumbani, kijiji ndicho kinachomchagulia kadi.

Fedha nazo zina neno. M-Pesa ilianza Kongo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money ziko kila kona. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na benki zikafunga milango, kadi ya simu imekuwa kwa familia nyingi mahali pa kupokelea karo, mshahara na msaada wa ndugu walio nje. Chagua basi mtandao ambao wanaokutumia fedha wanautumia, na ambao kabini iliyo jirani nawe huwa na fedha taslimu za kukutolea. Jambo moja la kiufundi lisisahaulike: huduma hizi hufanya kazi kwa nambari fupi zinazoanza na nyota na kumalizika na alama ya reli, hata kwenye simu ya vitufe ya 2G. Hazihitaji mega wala simujanja. Tutalirudia jambo hili tukifika kwenye uamuzi.

Kuhusu kadi yenyewe, sisitiza iandikishwe kwa jina lako na kwa kitambulisho chako, ambacho kwa Wakongo wengi ni kadi ya mpiga kura. Wako wauzaji wa barabarani wanaotoa kadi iliyokwisha kuandikishwa kwa jina la mtu mwingine ili kumpunguzia mteja foleni. Kadi hiyo itafanya kazi hadi siku itakapopotea. Siku hiyo nambari, fedha zilizomo na akaunti ya WhatsApp ni mali ya jina usilolijua, na kwenye ofisi ya kampuni huna cha kuonyesha.

Sasa mega. Mega ni megabaiti, na giga moja ni mega 1,024. Kasi ya mtandao, hata hivyo, hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Video inayopita kwa megabiti 1 kila sekunde hupitisha megabiti 3,600 kwa saa. Gawanya kwa 8 upate mega 450. Hiyo ni video ya ubora wa kawaida tu. Upande wa pili, dakika moja ya maongezi kwa WhatsApp hula kiasi cha nusu mega, na picha iliyotumwa humo kwa kawaida huwa chini ya nusu mega kwa sababu programu huibana kwanza. Ujumbe wa maandishi ni kidogo kiasi kwamba haufai kuhesabiwa.

Kwa namba hizo mwanafunzi wetu anaweza kukadiria siku yake: dakika 20 za maongezi ya WhatsApp, mega 10, picha 20 za madaftari ya wenzake, mega 10 hivi, notisi za mwalimu zilizochapwa, mega 5, na kile simu inachokula yenyewe bila kuguswa, tuseme mega 35. Jumla ni mega 60 kwa siku. Tazama kwamba zaidi ya nusu imeliwa na simu, mwenyewe hakuitumia. Programu hujisasisha, kundi la familia linashusha video ambazo hakuna atakayezitazama, hali za marafiki zinajifungua. Ukiingia kwenye mipangilio ya WhatsApp ukazuia picha na video zisijishushe, na kwenye duka la programu ukaamuru masasisho yasubiri Wi-Fi, sehemu hiyo hupungua sana. Hakuna kifurushi kilicho rahisi kuliko mega ambayo haikutumika.

Tuje kwenye muda wa kwisha, ambapo ndipo watu wengi hupotezea fedha. Bei halisi ya mega ni fedha uliyolipa ikigawanywa kwa mega ulizozitumia kabla muda haujaisha. Mega ulizopewa ni jambo jingine. Tuseme kuna vifurushi viwili vya dola 1: cha kwanza mega 800 kwa saa 24, cha pili mega 450 kwa siku 7. Macho yanakwenda kwa cha kwanza. Lakini anayetumia mega 60 kwa siku atapata mega 60 tu kutoka kwenye zile 800, na zilizobaki zitakufa usiku. Kwenye cha pili atatumia 420. Kwa dola ile ile amepata mara saba. Kuna anayesema kwamba akinunua kifurushi kikubwa cha siku atajitahidi kukimaliza. Kweli atakimaliza, kwa video ambazo hakuzipanga, na kesho atarudi kabini. Kifurushi cha siku moja kina mahali pake: siku ya kushusha kitabu kizito, ya kusasisha simu mpya, ya kumtumia mtu video ndefu ya harusi. Kinunue kwa ajili ya kazi hiyo, na kazi ikiisha usikifanye desturi.

Vifurushi vya WhatsApp pekee au vya Facebook pekee vinafaa kwa mwenye matumizi hayo tu. Kasoro yao ni kwamba kiungo kinachotumwa ndani ya WhatsApp, kikibonyezwa, hufunguka nje yake, na pale kifurushi hakikulindi. Kifurushi kikiisha huku data imewashwa, simu nyingi huendelea kula yuniti kwa bei ya kawaida, ambayo ni ghali mno. Ndiyo sababu nyingine ya kutolaza salio.

Mpaka hapa hatujagusa simu, na haikuwa kwa kusahau. Sasa tunajua inatakiwa kushika mtandao upi, kubeba kadi ngapi, na kufanya kazi gani. Tuigeukie.

Ulizia kwanza simu ilitengenezwa kwa soko gani. Katika mgawanyo wa masafa wa dunia, Afrika na Ulaya ziko kanda moja, Amerika ziko kanda nyingine. Simu iliyoletwa na shangazi kutoka Ubelgiji kwa kawaida itasikia antena za Bukavu. Iliyotoka Marekani huenda ikasikia baadhi tu, ikawa na 4G Nguba na kuipoteza Panzi. Nyingine zimefungwa kwa kampuni iliyoziuza na hukataa kadi ya mtu mwingine. Na kuna hili ambalo wengi hawalijui: iPhone 14 na zilizofuata, zikiwa za soko la Marekani, hazina kabisa tundu la kadi. Zinatumia kadi ya kielektroniki iliyomo ndani. Kabla ndugu hajakutumia zawadi kama hiyo, nenda ofisi ya kampuni yako hapa Bukavu ukaulize kama wanaweza kuiandikisha.

Simu iliyotumika ina mtihani mwingine. Tangu 2013 iPhone inaweza kufungwa na akaunti ya mwenyewe, na tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015 Android nayo ina ulinzi wa namna hiyo. Ukifuta kila kitu, simu itadai neno la siri la aliyekuwa nayo. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, na usitoe fedha hadi uione ikifika ukurasa wa mwanzo bila kuuliza akaunti ya mtu. Anayekataa amekujibu.

Kumbukumbu ndiyo inayoleta mkanganyo mkubwa dukani. Simu ina kumbukumbu ya kazi, ambapo programu zilizofunguliwa hukaa, na ina hifadhi, ambapo picha na programu zenyewe hulala. Mama muuzaji wa vitenge Kadutu ana meza na ana depo: depo ikiwa kubwa na meza ndogo, kila mteja akiuliza kitenge itabidi mama akunje kimoja ili akunjue kingine. Simu yenye kumbukumbu ndogo ya kazi hufanya vivyo hivyo. Ukitoka WhatsApp kwenda kwenye kamera, ukirudi unakuta WhatsApp inaanza upya.

Sasa sikiliza sentensi ya dukani: "Mama, hii iko na giga nane." Chukua boksi usome. Mara nyingi utakuta imeandikwa 4+4. Giga 4 za kwanza ni kumbukumbu ya kazi ya kweli. 4 za pili zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi, na wakati huo huo hifadhi imepungua kwa kiasi hicho. Muuzaji hajasema uongo, lakini mnunuzi amesikia kisichokuwepo. Kumbukumbu ya kazi ya giga 2 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Google iliweka hata kwa toleo jepesi la Android 13. Anayetaka kukaa na simu miaka 2 au 3 atafute giga 4 za kweli. Hifadhi ya giga 32 itambana, maana mfumo wenyewe hula zaidi ya giga 10 kabla hujaweka chochote. 64 inatosha watu wengi.

Chunguza pia matundu. Simu nyingi za Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote ni za kampuni moja ya Shenzhen iitwayo Transsion, hubeba kadi mbili. Baadhi ya simu, za kampuni hizo na nyingine, zina tundu la pili linalochukua ama kadi ya simu ama kadi ya kuongezea hifadhi, wala haziwezi kukaa zote. Kwa mji unaohitaji mitandao miwili hilo ni jambo la kuliangalia kwa macho yako, kibeba kadi kikiwa kimevutwa nje.

Umeme ni jambo linalostahili uzito kuliko kamera. Bukavu inakunywa kutoka Ruzizi: kituo cha kwanza, kilichojengwa miaka ya 1950, kina karibu megawati 30, na cha pili, cha mwaka 1989, Kongo inakitumia pamoja na Rwanda na Burundi. Kila mtaa unajua umeme unavyokuja kwa zamu. Wanunuzi huuliza ukubwa wa betri, na betri ya miliampea-saa 5,000 inasifiwa kote. Wachache huuliza itajaa kwa muda gani. Betri hiyo hubeba kama wati-saa 19. Chaja ya wati 10 huihitaji karibu saa 3 kwa sababu kuna upotevu njiani. Ya wati 18, simu ikiikubali, huenda karibu nusu ya muda huo. Umeme ukija saa 8 usiku na kuondoka saa 10, wa kwanza ataamka na betri haijajaa, wa pili ameshamaliza. Benki ya umeme ya 10,000, kama ni ya kweli, huijaza simu hiyo mara moja na nusu hivi.

Mtandao na betri pia vimefungamana. Simu ikiwa mbali na antena hupaza mawimbi yake ili isikike, na kupaza kunakula umeme. Kwa hiyo anayekaa bondeni na mtandao hafifu ataona betri nzuri ikiisha mchana, akailaumu simu. Kuhama kampuni kungemsaidia kuliko kubadilisha betri.

Mwisho wa ukaguzi, piga *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, au mbili kwa simu ya kadi mbili. Zilinganishe na zile za kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu, kisha fungua ukurasa wa "Kuhusu simu" uone jina la modeli na toleo la Android. Vikitofautiana, rudisha simu kwenye kioo. Vikilingana, dai risiti yenye namba hizo: ndiyo ushahidi wako ikiibwa, na ndiyo ushahidi wako pia ukidaiwa kwamba wewe ndiye uliyeiba.

Sasa tunaweza kuamua. Kwa mkazi wa Bukavu anayeanza, maoni yangu ni kwamba mpangilio wa dukani upinduliwe: mtandao wa chumbani kwanza, watu na fedha pili, kifurushi tatu, simu mwisho. Simu iwe ya kawaida, mpya au iliyotumika lakini ikafutwa mbele yako, yenye giga 4 za kweli, hifadhi ya 64, matundu mawili yasiyogombania nafasi, na inayojaa upesi. Akiwa na dola 100, afadhali atumie 70 kwa simu na 12 kwa benki ya umeme kuliko kumaliza zote kwenye kamera. Zile 18 zinazobaki ni wiki 12 za mega na maongezi.

Ninashauri pia asiiuze simu yake ya vitufe. Kadi yenye fedha ibaki humo, kwa kuwa huduma ya fedha haihitaji zaidi ya hapo, betri yake hukaa siku kadhaa, na hakuna mwizi anayeinyemelea. Simujanja ichukue kadi ya mega iliyoshinda kwenye jaribio la usiku, na tundu la pili lichukue kadi ya pili ya maongezi. Simujanja ikinyakuliwa Feu Rouge jioni, kilichopotea ni chombo. Karo bado ipo mfukoni.

Uamuzi huu una watu ambao hauwafai. Mwenye Wi-Fi kazini anaweza kupunguza kifurushi hadi kidogo kabisa na kuweka fedha kwenye hifadhi kubwa, ashushe kila kitu ofisini. Anayepiga picha za bidhaa ili auze mtandaoni anahitaji kamera, na kwake hiyo ni zana ya kazi. Na mama anayevuka Ruzizi kila asubuhi na nyanya kwenda Kamembe, tundu lake la pili ni la kadi ya Rwanda, iliyoandikishwa kwa jina lake, na kila akifika darajani abadilishe kwa mkono kadi ya data kabla mtandao haujamchagulia.